Mkataba wa Nyota wa Besiboli: Tathmini ya Bidhaa Iliyofikia Dola Milioni 765

Bidhaa ninayoitathmini hapa ina wanunuzi 30 tu duniani kote, nao ni klabu za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, zikiwemo 29 za Marekani na 1 ya Kanada. Ni mkataba wa muda mrefu wa mchezaji nyota aliye huru, na msimu wake wa mauzo huanza Novemba, mara baada ya fainali za World Series, ukaendelea hadi timu zinaporudi mazoezini Februari. Mkataba ghali kuliko yote niliyopata kuisoma ulitiwa saini Desemba 2024, New York Mets walipomsajili Juan Soto, mpigaji kutoka Jamhuri ya Dominika aliyekuwa na umri wa miaka 26, kwa miaka 15 na dola milioni 765. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Los Angeles Dodgers walikuwa wamemchukua Mjapani Shohei Ohtani kwa miaka 10 na dola milioni 700, na wengi tulidhani bei hiyo ingekaa miaka mingi bila kuguswa.

Swali la mtathmini ni lile lile linaloulizwa kwa bidhaa yoyote: je, mnunuzi anapata thamani ya fedha zake? Maoni yangu ni kwamba mara nyingi hupata kile hasa alichouziwa, isipokuwa kile alichouziwa sicho alichodhani ananunua. Na kwamba kinachostahili kutazamwa kwanza katika mikataba hii ni umri wa mchezaji siku ya kutia saini, kabla hata ya ile namba kubwa inayoandikwa kwenye vichwa vya habari.

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anahitaji kufahamu tofauti mbili kabla hatujaendelea. Katika soka, fedha nyingi huenda kwa klabu inayouza, kama ada ya uhamisho, kisha mshahara wa mchezaji hujadiliwa kando. Mchezaji huru wa besiboli hana klabu inayomuuza; kiasi chote kinachotangazwa ni chake yeye, ukiondoa kodi na sehemu ya wakala wake. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mkataba wa besiboli umehakikishwa, maana yake mchezaji akiumia, akishuka kiwango au hata akiachwa na klabu katikati ya safari, fedha zake hulipwa kama zilivyoandikwa. Mali ikishauzwa hairudishwi.

Bidhaa hii haikuwepo kabla ya miaka ya 1970. Kwa karibu karne nzima mikataba ya wachezaji ilikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kuuongeza mkataba upya kila mwaka bila ridhaa ya mchezaji, hivi kwamba mtu aliyesajiliwa akiwa kijana angeweza kubaki mali ya klabu moja hadi astaafu, au hadi klabu iamue kumhamishia kwingine. Curt Flood, aliyekuwa ameichezea St. Louis Cardinals kwa misimu 12, alikataa kuhamishiwa Philadelphia, akamwandikia kamishna wa ligi barua tarehe 24 Desemba 1969 kupinga kutendewa kama kitu cha kununuliwa na kuuzwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambako mwaka 1972 alishindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Mlango ulifunguliwa miaka mitatu baadaye, na si mahakamani, bali mbele ya msuluhishi Peter Seitz, ambaye tarehe 23 Desemba 1975 aliamua kwamba warushaji wawili (wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira), Andy Messersmith na Dave McNally, walikuwa huru kwa kuwa mwaka wa nyongeza wa mikataba yao ulikuwa umepita bila wao kutia saini mkataba mpya. Wapenzi wa soka wataikumbuka hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, iliyowaruhusu wachezaji wa Ulaya kuhama bila ada mikataba yao inapoisha. Besiboli ilitangulia kwa miaka 20 kasoro siku chache.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza kwa nini bei haishikiki leo. Baada ya uamuzi wa Seitz, mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, alipendekeza kwamba wachezaji wote wawe huru kila mwaka. Wamiliki wenzake hawakumsikiliza, jambo lililompa ahueni Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, kwa sababu yeye alikuwa ameshaona hatari: sokoni wakifurika mamia ya wachezaji kwa wakati mmoja, bei ingeanguka. Makubaliano ya mwaka 1976 yakaweka sharti kwamba mchezaji awe huru baada ya kutumikia miaka 6 katika ligi kuu. Wamiliki walidhani wamejilinda, kumbe walikuwa wametengeneza uhaba. Kila mwaka nyota wa kweli wanaofika sokoni ni wachache sana, wakati mwingine mmoja au wawili, na matajiri kadhaa wanawagombania. Mshahara wa wastani katika ligi ulikuwa takribani dola 45,000 mwaka 1975; mwanzoni mwa msimu wa 2025 ulikuwa umepita dola milioni 5.

Katikati ya miaka ya 1980 wanunuzi walijaribu kuishusha bei kwa kula njama. Majira hayo ya baridi hakuna aliyetoa ofa ya maana kwa mchezaji wa mwenzake. Andre Dawson alilazimika kuwapelekea Chicago Cubs mkataba usio na kiasi mwaka 1987 ili wajaze wenyewe. Wakajaza dola 500,000 pamoja na marupurupu, naye akapiga homurani 49, yaani mapigo 49 ya kuvusha mpira nje ya uzio, akatunukiwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, ambayo pamoja na Ligi ya Marekani ndizo nusu mbili za MLB, ilhali timu yake ilimaliza mkiani mwa kundi. Wasuluhishi waligundua njama hiyo, na wamiliki wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Tangu hapo hawajapata njia nyepesi ya kuizuia bei isipande.

Kwa upande wa ubora wa bidhaa yenyewe, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Alex Rodriguez, kwa sababu watu huutaja kama hasara na mimi siuoni hivyo hata kidogo. Desemba 2000, Texas Rangers walimpa miaka 10 kwa dola milioni 252. Mmiliki wao, Tom Hicks, alikuwa ameinunua klabu nzima miaka miwili kabla kwa takribani dola milioni 250. Kwa maneno mengine, mchezaji mmoja aligharimu zaidi ya timu, uwanja na jina lake. Rodriguez alikuwa na miaka 25. Katika misimu yake mitatu Texas alipiga homurani 52, kisha 57, kisha 47, na mwaka wa tatu akachaguliwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Marekani. Misimu yote hiyo mitatu Rangers walimaliza wa mwisho katika kundi lao.

Hapo ndipo pa kusimama. Mashine ilifanya kazi yote iliyoandikwa kwenye boksi lake. Besiboli si mchezo ambao nyota mmoja anaweza kuubeba peke yake: mpigaji hupata zamu nne au tano tu katika mechi, hata awe nani, na zamu nyingine zote ni za wenzake wanane, naye mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku kadhaa kabla ya kurudi kazini. Hicks alikuwa amenunua mpigaji bora duniani akitarajia kupata timu bora, wakati fedha za kununua warushaji zilikuwa zimeshakwisha. Februari 2004 Rodriguez alihamishiwa New York Yankees, na Rangers wakakubali kuendelea kulipa dola milioni 67 za mshahara wake ili aichezee timu nyingine. Deni halikuishia hapo. Klabu ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2010, jina la juu kabisa katika orodha ya wadai wasio na dhamana lilikuwa la Rodriguez, aliyekuwa akidai takribani dola milioni 24.9, miaka sita baada ya kuondoka.

Sasa tuutazame upande wa umri, ambako ndiko wanunuzi wengi huumia. Albert Pujols alikuwa karibu kutimiza miaka 32 Los Angeles Angels walipompa miaka 10 na dola milioni 240 Desemba 2011. Miaka yake ya dhahabu alikuwa ameshawapa Cardinals kwa bei ya chini mno. Katika muda wa mkataba huo Angels walifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, wakatolewa bila kushinda hata mechi moja, na Mei 2021 wakamwachia kabla mkataba haujaisha. Chris Davis wa Baltimore, aliyetia saini Januari 2016 kwa dola milioni 161, alifikia kukosa kufanikiwa katika zamu 54 mfululizo zinazohesabiwa, rekodi mbaya ambayo hakuna mpigaji asiye mrushaji aliyewahi kuiweka kabla yake. Sihitaji kuongeza mifano. Karibu yote inafanana.

Waswahili husema kizuri chajiuza, ila katika soko hili hata kizuri hutembezwa, na mtembezaji mkuu ni wakala Scott Boras. Katika mikutano ya majira ya baridi iliyofanyika San Diego Desemba 2019, aliuza wateja watatu kwa siku tatu: mrushaji Stephen Strasburg alibaki Washington kwa dola milioni 245, mrushaji Gerrit Cole akaenda Yankees kwa dola milioni 324, na mpigaji Anthony Rendon akaenda Angels kwa dola milioni 245. Jumla ni dola milioni 814 kutoka kibanda kimoja. Strasburg, ambaye wiki chache nyuma alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa World Series, alianza mechi 8 tu baada ya kutia saini, kisha bega na neva zikamshinda akastaafu. Ukigawa bei kwa mechi, kila moja iligharimu zaidi ya dola milioni 30. Rendon hakuwahi kufikisha mechi 60 katika msimu wowote akiwa na Angels, na msimu wa kawaida una mechi 162. Cole pekee ndiye aliyerudisha fedha kwa kiwango kinachoeleweka, akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mwaka 2023, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko Machi 2025 na kukosa msimu mzima.

Hata Cole ana ukurasa wake mmoja ambao kila anayenunua bidhaa hii anapaswa kuutazama. Tarehe 30 Oktoba 2024, katika mechi ya tano ya World Series, Yankees walikuwa mbele ya Dodgers kwa 5–0, na Cole alikuwa amepita vipindi vinne bila kuruhusu pigo hata moja. Katika kipindi cha tano, baada ya pigo la kwanza la Dodgers, Aaron Judge, nahodha mwenye mkataba wa dola milioni 360, aliuangusha mpira wa kawaida kabisa uliomfuata kifuani. Kosa jingine la kurusha likafuata, vituo vyote vitatu vikajaa wakimbiaji wa Dodgers. Cole akawaondoa wapigaji wawili, Ohtani akiwa mmoja wao, akabakiza mmoja. Mookie Betts wa Dodgers akagonga mpira dhaifu kuelekea kituo cha kwanza. Anthony Rizzo, mlinzi wa kituo hicho wa Yankees, akaudaka na kuinua macho atafute wa kumpa, lakini Cole, ambaye jukumu lake lilikuwa kukimbia kukifunika kituo cha kwanza, alikuwa amesimama akikinyooshea kidole. Betts akafika salama. Kabla kipindi hakijaisha ilikuwa 5–5, Dodgers wakashinda 7–6 na kutwaa ubingwa usiku huo. Mikataba ya jumla ya dola milioni 684 ilishindwa kufanya mambo mawili ambayo kocha wa watoto hufundisha wiki ya kwanza. Sisemi hivi kuwadhihaki. Judge amekuwa Mchezaji Bora wa Ligi mara tatu na mkataba wake ni miongoni mwa mizuri ninayoijua. Nasema tu kwamba fedha hununua wastani wa misimu mingi, na ubingwa huamuliwa na dakika chache ambazo haziuzwi.

Mkataba wa Ohtani unahitaji kusomwa kwa miwani. Katika zile dola milioni 700, anapokea milioni 2 tu kwa mwaka anapocheza; milioni 680 zimeahirishwa, zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Kwa kuwa dola ya mwaka 2040 haina uzito wa dola ya leo, ligi yenyewe inauhesabu mkataba huo kuwa takribani dola milioni 46 kwa mwaka badala ya 70, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika katika kodi ya anasa, yaani tozo inayoangukia klabu zinazovuka kiwango cha matumizi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Ohtani anaweza kusubiri kwa sababu mapato yake ya matangazo ni makubwa mno. Dodgers kwa upande wao walipata nafasi ya kuwanunua wengine, kuanzia na mrushaji Yoshinobu Yamamoto kwa dola milioni 325 mwezi huo huo wa Desemba 2023.

Na bidhaa ikafika ikiwa nzima. Mwaka 2024, akiwa bado hawezi kurusha kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, Ohtani alikuwa mchezaji wa kwanza katika historia kupiga homurani 50 na kuiba vituo 50, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, katika msimu mmoja. Mwaka uliofuata alirudi kurusha, na tarehe 17 Oktoba 2025, katika mechi iliyowapeleka Dodgers fainali, alirusha vipindi sita bila kuruhusu pointi, akawaondoa wapigaji 10 kwa kuwakosesha mpira, na usiku huo huo akapiga homurani tatu. Dodgers walichukua ubingwa miaka yote miwili. Kama kuna mtu aliyepata kustahili bei yake, ni huyu. Lakini tukumbuke kwamba aliingia katika timu iliyokuwa tayari na Betts na Freddie Freeman, na yenye mkataba wa televisheni wa miaka 25 unaofikia dola bilioni 8.35. Texas ya mwaka 2001 haikuwa na hayo.

Kuhusu malipo ya kuahirishwa, mnunuzi asidhani ni uvumbuzi mpya wala kwamba kila mara humfaa. Mets walipoachana na Bobby Bonilla, mchezaji ambaye hawakumtaka tena, yeye alikuwa akiwadai dola milioni 5.9; badala ya kumlipa papo hapo, walikubali kumlipa baadaye kwa riba ya asilimia 8, na kila tarehe 1 Julai, kuanzia 2011 hadi 2035, Bonilla hupokea dola 1,193,248.20. Atapokea hundi ya mwisho akiwa na miaka 72.

Wakati huo huo bidhaa bora kwa bei yake haiko kabisa katika soko hili. Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates alitwaa Cy Young ya Ligi ya Taifa mwaka 2025 kwa mshahara wa dola 875,000, kwa kuwa miaka 6 haijatimia na klabu ndiyo inayopanga. Hapa ndipo hesabu ya nyota inapoeleweka vizuri: klabu ya kwanza huvuna miaka ya ujana kwa bei ya chini, kisha klabu ya pili hulipia sifa ambazo baadhi yake zilipatikana kwingine. Hata vijana wawili wa Uganda ambao Dodgers waliwasajili mwaka 2022 walianzia mwanzo kabisa wa ngazi hiyo, wakiwa na ligi ndogo za kupanda kabla saa ya ile miaka 6 haijaanza hata kuhesabiwa.

Nirudi kwa Soto. Kwa vigezo vyote vya umri ni ununuzi ninaoweza kuutetea. Alikataa ofa ya Washington ya dola milioni 440 mwaka 2022, watu wakamwona mwendawazimu, na miaka miwili baadaye akapata milioni 325 zaidi. Fedha zake hazijaahirishwa hata senti, milioni 75 zikiwa malipo ya kutia saini. Msimu wa kwanza alipiga homurani 43 na kuiba vituo 38, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu asiyesifika kwa mbio. Mets, waliokuwa na rekodi bora katika ligi katikati ya Juni, walimaliza na ushindi 83 na vipigo 79, wakaikosa hatua ya mtoano siku ya mwisho kwa kuwa Cincinnati Reds, wenye rekodi hiyo hiyo na bajeti ndogo kwa mbali, walikuwa wamewashinda katika mechi zao za ana kwa ana. Ni Texas kwa mara nyingine, nyota akitimiza wajibu wake na warushaji wakipotea.

Makubaliano ya kazi kati ya wamiliki na wachezaji yaliyotiwa saini 2022 yamewekewa kikomo cha tarehe 1 Desemba 2026, na miongoni mwa wamiliki wapo wanaotaka ukomo wa jumla ya mishahara kama ulivyo katika mpira wa kikapu, jambo ambalo chama cha wachezaji kimelipinga tangu kabla ya mgomo wa 1994 uliofuta World Series. Naelewa hasira ya mashabiki wa Pittsburgh, ila sioni namna ukomo huo ungewalazimisha wamiliki wao kutumia fedha wasizotaka kutumia.

Kwa Mets, ushauri wangu unahusu kifungu kimoja. Baada ya msimu wa 2029 Soto ana haki ya kuuvunja mkataba na kurudi sokoni, na klabu inaweza kuizuia haki hiyo kwa kumwongezea dola milioni 4 kwa kila mwaka uliobaki, jumla ikafika milioni 805. Wakati huo atakuwa na miaka 31, umri ule ule aliokuwa nao Pujols alipotia saini na Angels, na kutakuwa kumebaki miaka 10 ya kulipa. Mwenye kalamu pale New York akiniuliza, nitamwambia amwache aende.